Nilimsikiliza Mwanangu kwa Siri, Nikamwanika Mbele ya Wakwe

Nimekosa. Nianze na hilo, maana nimechoka kuanza na makosa ya wenzangu. Kila nikiisimulia habari hii moyoni naanza na wifi yangu, halafu mume wangu, halafu binti yangu. Mimi najiweka mwisho, tena kama mtu aliyeonewa. Leo najiweka mbele.

Majina ya kweli siandiki. Binti yangu nitamwita Zaituni. Mimi ni mama mtu mzima, naishi Ng'ambo hapa Tabora, na masikio yangu hayasikii vizuri.

Si kiziwi, unielewe. Mtu akisimama mbele yangu akaongea, namsikia. Lakini akigeuka, au wakiongea wawili kwa pamoja, au redio ikiwa imewashwa, maneno yananijia vipande vipande, nabaki kukisia. Mume wangu ana mashine ya kusaga, na mimi nimesimama kando ya mashine ile tangu aliponioa. Unga unaufuta usoni ukaisha. Ule mlio hautoki.

Na kukisia kuna aibu yake! Asubuhi moja jirani alikuja mlangoni akaniambia baba yake amefariki. Mimi nikasikia amefika. Nikamjibu, "Alhamdulillahi. Safari haikumchosha?"

Jamani! Kungekuwa na shimo ningeingia. Nilikwenda msibani nikamwomba radhi, na yeye akanisamehe. Mtaa ndio haukusahau. Ikawa hadithi ya kuchekeshana harusini, na mimi nimekaa pale pale, nacheka kwa kuwa wenzangu wanacheka, sijui kama ninayechekwa ni mimi.

Nikaanza kukaa kimya. Na nilipouliza nyumbani, "Wamesema nini?" nilijibiwa, "Aah, si kitu, mama. Hata si la maana." Wewe unayesikia hujui neno hilo linavyokata. Watu wazima wanne wamecheka mpaka machozi, halafu unaambiwa si kitu.

Zaituni ndiye aliyeniona. Ni kitinda mimba wangu, alisoma ualimu Mwanza, akapata kazi hapa mjini akarudi kukaa nasi. Siku moja alikuja na kiboksi kidogo, ndani yake zile eafoni ndogo zisizo na waya ambazo vijana wanasikilizia muziki. Nikamwambia mimi na muziki wapi na wapi. Akacheka. Akachukua simu yangu, akaweka programu anayoijua yeye, akanivalisha. Akanieleza kwamba simu ndiyo itakayosikia, kisha itanipelekea sauti masikioni ikiwa kubwa na safi. Nikitaka kumsikia mtu vizuri, niiweke simu karibu naye.

Kisha akaniita, "Mama."

Aliniita taratibu, na nikamsikia. Kwa miaka sauti ya mwanangu nilikuwa naijua ya kupiga kelele tu, kwa sababu wote walinipigia kelele, nami nikadhani amekuwa mkali. Kumbe ana sauti laini vile! Nililia. Na yeye akalia.

Siku zile nilikuwa kama mtu aliyetoka kifungoni. Nilisikia maji yakianza kuchemka. Nilisikia mawaidha ya maulidi tangu mwanzo hadi mwisho. Na kwa kuwa navaa ushungi, nje hakuna aliyeona kitu.

Sasa kosa lilivyoingia. Siku moja niliisahau simu kwenye kochi sebuleni, nikaenda uani kupepeta mchele, eafoni zimo masikioni. Mara nikamsikia wifi yangu kama amekaa begani kwangu. Wifi huyu ni dada wa mume wangu, mjane, tunakaa naye. Alikuwa anaongea na mgeni wake habari za vitumbua vilivyomgomea kuumuka. Hakuna baya. Nilicheka peke yangu na ungo mkononi.

Ilipaswa iishie pale. Lakini mara ya pili sikuisahau. Niliiacha.

Nikawa naiweka chaji kwenye soketi ya nyuma ya televisheni, mimi naenda uani na kazi zangu. Nilijiambia siibi. Nachukua yale niliyonyimwa. Yale yote ya "si kitu, mama," sasa nayapata mwenyewe. Ndivyo shetani alivyonipambia.

Basi Zaituni akapata mchumba, mwalimu mwenzake, kijana wa watu wa Nzega. Mume wangu akaniambia wazee wake wangekuja kuleta posa. Nilifurahi mno. Nikaanza kufikiria nitavaa nini, nitawapikia nini.

Jioni moja nilikuwa uani nachambua mboga. Sebuleni walikuwapo mume wangu, wifi na Zaituni. Nikamsikia wifi akisema, "Kaka, tusifichane. Siku ile mkeo asiwepo. Wageni watauliza hili, atajibu lile. Unakumbuka ya yule jirani."

Mkono wangu ukasimama.

Nikangoja mume wangu anitetee. Alinyamaza, kisha akauliza wataniambia nini. Wifi akasema waniambie kaka yangu wa Ipole, yule mfuga nyuki, anaumwa ananiita. Niende huko, wageni waje, mambo yaishe, nirudi. Yeye wifi atakaa mahali pangu.

Nikangoja mwanangu anitetee. Wallahi nilijua atanitetea.

Zaituni akasema, "Sawa, shangazi. Ila asijue."

Mume wangu akatoka kwenda msikitini. Wale wawili wakabaki, na hapo nikasikia jambo ambalo halikuwa langu. Zaituni alianza kulia. Akamwambia shangazi yake kwamba kule chuoni alianguka kifafa, si mara moja, na anakunywa dawa hadi leo. Kijana anajua, walisoma pamoja, alikuwepo alipoanguka. Wazazi wake bado, atawaambia mwenyewe polepole. Wifi akamuuliza kwa nini hajaniambia mimi.

"Nitamwambiaje?" akasema. "Mama hasikii hata sauti yake mwenyewe. Nikimwambia jambo hili, atalijibu kwa kelele mtaa mzima usikie."

Nilizitoa eafoni nikakaa na mboga zangu. Sikuweza kulia. Nilijiona kama kigoda, kitu kinachosogezwa pembeni wageni wakija. Wote watatu! Mtoto niliyemzaa, aliyeninunulia masikio kwa mshahara wake, ndiye aliyesema "asijue".

Ningeweza kuingia ndani nikawaambia nimesikia. Ningeweza kumwita Zaituni pembeni. Sikufanya hivyo. Niliwaacha waendelee, kwa sababu nilitaka kuwaona wakinidanganya usoni.

Na walinidanganya. Zaituni mwenyewe ndiye aliyekuja, akakaa karibu nami, akasema mjomba amepiga simu, anaumwa, anataka kuniona. Nilimtazama sana. Nikamuuliza, "Mjomba wako kasema hivyo mwenyewe?" Akasema ndiyo, mama. Nikamwambia haya, nitakwenda. Akanifungia nguo zangu vizuri, akaniwekea na chapati za njiani.

Siku ya wageni nilitoka asubuhi na mfuko wangu. Nikafika stendi, gari la Sikonge, njia ya Ipole, likajaa, likaondoka bila mimi. Nilikaa pale kwenye benchi hadi adhana ya adhuhuri, hasira inapanda kama maziwa jikoni. Kisha nikarudi nyumbani kwa miguu.

Viatu vya wageni vilikuwa mlangoni. Nikavaa eafoni, nikashika simu mkononi, nikaingia.

Wazee wa Nzega walikuwa wamekaa mkekani, watu wazima wenye heshima zao, na kijana yupo. Wifi amekaa mahali pangu. Mume wangu aliponiona alibaki mdomo wazi. Nikawaamkia wageni, wakaitikia, nikawaambia mimi ndiye mama wa binti. Mzee mmoja akasema kwa upole, "Karibu mama. Tuliambiwa umekwenda kumwuguza ndugu yako. Anaendeleaje?"

Nilisikia kila neno. Laiti ningekuwa sijasikia!

Nikamwambia, "Ndugu yangu ni mzima. Nimefukuzwa ili nisiwaaibishe, kwa kuwa sisikii. Lakini nasikia. Nasikia hata wanayowaficha ninyi. Huyu binti mnayemposa ana kifafa. Ameanguka chuoni, anakunywa dawa. Kama mimi ni wa kufichwa, na yeye wamemficha."

Ndivyo nilivyosema. Mimi, mama yake.

Hakuna aliyepaza sauti. Afadhali wangenipigia kelele. Kijana aliinamisha kichwa. Yule mzee akakunja miguu yake polepole, akamwambia mume wangu kwamba wamesikia, na watakwenda kuzungumza na wenzao. Wakavaa viatu. Pilau ikabaki kwenye sinia, imefunikwa, hakuna aliyeigusa.

Zaituni alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani, amejifunika kanga mpya. Hakulia. Akaniuliza, "Mama, umejuaje?"

Akaiangalia simu mkononi mwangu, kisha akaangalia ile soketi nyuma ya televisheni. Akaelewa. Nilimwona akielewa.

Akasema, "Nilikununulia unisikie, mama. Sikukununulia uniwinde."

Kisha akaingia chumbani. Nilimsikia akifunga mlango.

Wiki ile ile alihama, akapanga chumba karibu na shule yake. Mume wangu hakunigombeza. Baada ya siku kadhaa, tukiwa tunakula, aliniambia bila kuniangalia, "Sisi tulikukosea, na mimi nakuomba radhi. Lakini sisi tulikuficha. Wewe umemwanika mtoto." Akanawa mikono, akaondoka. Chakula hakukimaliza.

Wifi naye aliniomba msamaha. Alikuja akakaa chini, akanishika mguu, akasema alidhani analinda heshima ya nyumba. Nilimsamehe kwa mdomo. Moyoni bado napigana, nisikudanganye.

Utauliza, je, posa ilivunjika? Haikuvunjika. Wazee walisitasita, lakini yule kijana aliwaambia ni huyo huyo anayemtaka, na ugonjwa wenyewe una dawa. Wakakubali. Ila ndoa ilifungwa kwao Nzega. Mume wangu alikwenda. Wifi alikwenda. Mimi niliambiwa waliporudi.

Kwa hiyo wifi alikaa mahali pangu kweli kweli, kwenye ndoa ya mwanangu wa mwisho. Na safari hii hakuna aliyepanga njama. Nilimpa kiti mwenyewe.

Baadaye nilikwenda hospitali, jambo ambalo ningepaswa kulifanya mapema. Wakanipima masikio kwa utaratibu. Daktari, msichana mdogo tu, aliniambia usikivu wangu umepungua kiasi, si sana, na sababu ni kelele za mashine. Zile eafoni si dhambi, akasema, zinaweza kumsaidia mtu wa hali yangu, lakini nilikuwa nazifungulia sauti kupita kiasi na kukaa nazo kutwa. Akanieleza kuhusu vifaa vyenyewe vya usikivu, na akaniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: niwaambie watu. Niseme tu, "Sisikii vizuri, geukia huku." Nilimwambia naona aibu. Akasema aibu ya kusema hudumu dakika moja.

Sasa nasema. Sokoni nasema, msibani nasema. Hakuna aliyenicheka bado.

Zaituni huwa anapokea salamu zangu kupitia baba yake. Nikimpigia mimi, simu inaita hadi inakata. Juzi nilimwuliza mume wangu, je, mtoto bado anaanguka? Akasema dawa zinamsaidia, ameanguka mara moja tu tangu aolewe, akaumia kidogo kwenye paji la uso. Nikaenda uani nikalia, kwa sababu lilikuwa swali langu la kwanza kuhusu ugonjwa wake. La kwanza!

Ninyi mnaosikia, nawaambia: msimfiche mtu wenu mwenye masikio mazito. Msimwambie "si kitu". Mrudieni maneno hata mara tatu, mchoke naye. Mkimsogeza pembeni atatafuta mlango mwingine wa kuingilia, na hamtaupenda.

Na wewe mwenzangu usiyesikia vizuri, usiache simu palipo na watu ukaenda kusikiliza mbali. Usijidanganye kama mimi kwamba unachukua haki yako. Kama umesalitiwa, na mimi nilisalitiwa, sikatai, ingia sebuleni ukae, useme umeumia. Watakusikia au hawatakusikia, lakini utakuwa umesema la kwako.

Mimi nilisikia kila kitu jioni ile, safi, bila neno kupotea. Nilisikia wifi akinisengenya, nilisikia mume wangu akinyamaza, nilisikia mtoto akinionea haya. Sikusikia kwamba mwanangu anaumwa.