Mzee Kariuki Katika Wimbo wa Tisa

Mume wangu alimzika baba yake katika wimbo wa tisa, mzee mwenyewe akiwa mzima kabisa huko Ol Kalou, anakamua ng'ombe na kugombana na jirani juu ya mpaka wa shamba. Nilipousikia mara ya kwanza nilizima jiko nikamgeukia.

"Kinuthia, umemuuliza?"

Akasema muziki wa country ndivyo ulivyo. Ubeti wa kwanza unampenda mtu, wa pili unasafiri, na wa mwisho lazima mtu afe, la sivyo hilo ni tangazo la sabuni.

Kinuthia ni dereva wa lori. Hubeba makontena kutoka bandari ya Port Botany hapa Sydney, na njia nzima huimba. Alilelewa na redio ya baba yake, na kwa watu wa kwao Nyandarua country si muziki wa Wazungu, ni wetu tu kama viazi. Akitoka dukani hapa Bankstown na kofia yake pana, Waaustralia humtazama mara mbili. Wakenya humsalimia na kupita. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akisema atatoa albamu, nami nikimwambia aanze kwa kutoa takataka.

Mwishowe aliirekodi, mwanzoni mwa 2021, ile miezi Sydney ilipojidanganya kwamba korona imeisha. Studio ilikuwa gereji ya rafiki yake Révérien kule Fairfield. Révérien ni Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, anapiga gitaa kanisani, na gereji yake aliipigilia magodoro ukutani mpaka ikapata sauti safi. Siku ya wimbo wa tisa alisimamisha kila kitu.

"Kaka, papa yako si iko hai? Sasa unamlilia ya nini?"

Kinuthia akacheka, akamwambia ni sanaa. Révérien akaendelea kupiga, lakini hakucheka. Kwao haliliwi mtu anayepumua, na kwetu pia, sijui ni nani asiyejua hilo isipokuwa mume wangu. Shida ni kwamba wimbo ulikuwa mzuri. Ulizishinda nyingine zote kwa mbali.

Juni tukafungiwa tena. Huku kusini-magharibi tulifungiwa kweli kweli, helikopta za polisi juu ya paa, na anayetoka kwenda kazini apimwe kwa kuchokonolewa pua kila baada ya siku chache. Mimi ni nesi wa wazee, Kinuthia ana mizigo, kwa hiyo sote tulitoka na pua zetu zikajua. Albamu ilikuwa imeshapangiwa kutoka mtandaoni Agosti. Ndipo Wangari, dada yake Kinuthia, akapiga simu. Mzee Kariuki alikuwa amelazwa Nakuru na korona, ametiwa oksijeni, na madaktari hawataki kusema neno la maana.

Nilijua kitakachofuata kabla Kinuthia hajafungua mdomo.

"Gakii, kosa ni langu. Nilimwimbia kifo, kimesikia jina."

"Virusi havisikilizi country," nikamwambia. Nilisema kwa sauti ya kazini, ile ya kuwatuliza jamaa za wagonjwa. Sayansi naijua. Lakini nilipokuwa peke yangu kwenye gari nilikuta ule wimbo kwenye simu yangu, nikaufuta, tena nikahakikisha umefutika.

Kwenda nyumbani ilikuwa ndoto. Kutoka Australia kulitaka kibali, ndege hazikuwepo, na ukishatoka hujui utaruhusiwa lini kurudi. Alituma maombi wakamjibu wanashughulikia. Akaandikia wale wa mtandaoni wasitoe albamu. Halafu akaamua kuurekebisha wimbo wenyewe, amponye mzee kwenye ubeti wa mwisho. Fairfield hakukuendeka, basi akajifungia kwenye kabati letu la nguo na simu na gitaa. Nilimsikia kutoka sebuleni. Katika ubeti mpya mzee anaamka, anakunywa supu, ananunua trekta. Vina vilikataa. Trekta ilifuatwa na daktari, daktari akafuatwa na kimya kirefu, na nilipofungua mlango nikamkuta amekaa juu ya viatu vyangu analia.

"Hata kumponya siwezi," akasema.

Nilikuwa na maneno makali tayari, maana nilikuwa nimechoka na woga wake ukinichochea wangu. Niliyameza. Nikaingia kabatini nikakaa naye.

Kila Wangari alipopiga tulitazamana kwanza nani ashike. Siku moja ilikuwa zamu yangu, nikiwa nakatakata sukuma wiki, na badala ya Wangari nikaona uso wa mzee, umekonda, umejaa skrini nzima, bila mipira puani.

"Mama," akaniambia, "hawa watu hawajui kupika uji. Ni maji na huruma."

Nilikaa chini pale pale jikoni, kisu mkononi, nikacheka nikalia nikamwita Kinuthia kwa sauti iliyowafanya majirani Walebanoni wagonge ukuta kuuliza kuna nini. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo, hata siku ya harusi yangu, na Kinuthia anajua nasema hivyo.

Mzee akarudi Ol Kalou. Tungeishia hapo kwa amani, lakini Wangari hana breki za mdomo. Alimweleza baba yake kwamba kuna wimbo, na ndani ya huo wimbo yeye si wa dunia hii tena. Jumapili iliyofuata simu ikalia.

"Kinuthia, nasikia umenizika. Niwekee nisikie."

"Baba, si kitu. Nimeshaufuta."

"Usinidanganye. Weka."

Mzee huongea Kiswahili nikiwepo, kwa sababu mimi ni Mmeru na hataki nijione mgeni, kwa hiyo nilisikia kila neno na sikuwa na pa kujificha. Kinuthia alivua kofia. Aliuweka wimbo, akaisogeza simu kwenye spika, akainama kama mtu anayengoja kiboko. Wimbo ukaimba mpaka mwisho. Kule upande wa pili kulisikika kuku tu.

"Jeneza ni la mbao gani?" mzee akauliza.

"Sikusema, Baba."

"Ungesema mwerezi." Akakohoa kidogo. "Sikiliza. Kwenye kitanda cha jirani yangu pale Nakuru kulikuwa na mzee wa Njoro. Alikufa, wakamzika haraka haraka, na kijana wake aliye Amerika akatazama kwa simu. Simu ikakatika kabla ya udongo. Wangari aliniambia ndege zimefungwa huko kwenu. Nikalala pale nikijua na mimi itakuwa hivyo hivyo. Kufa sikuogopa sana. Hiyo simu ndiyo niliiogopa."

Kinuthia akaisogelea simu.

"Sasa kwa huu wimbo wako umekuja. Umesema umeshuka Nairobi, umepanda gari, umefika asubuhi, umenibeba begani. Si ndivyo?"

"Ndivyo, Baba."

"Basi usiguse kitu. Uache uende kwa watu."

"Lakini Baba, singefika. Hata sasa mipaka imefungwa."

"Najua imefungwa, Kinuthia. Ndiyo nakwambia usiguse."

Mume wangu aliweka kofia usoni. Kule Ol Kalou mzee aliitisha chai, akapuliza, akanywa tukimsikia, kisha akasema sasa awekewe moja ambayo yeye bado hajafa. Kinuthia hakuweza hata kushika simu, kwa hiyo nikamtafutia mimi.