Tiketi za Mzee wa Kisumu

La, si wizi. Wala sikumpiga mtu. Nasema mapema kwa sababu hapa Small Heath, mtaa wetu wa Birmingham, mwanamke akionekana dukani Jumanne asubuhi, na watu wanajua Jumanne yuko kazini, basi kabla nyama haijakatwa ameshasikia habari zake mwenyewe kutoka nyuma ya foleni. Kazi yangu iliisha kwa sababu ya simu ya jikoni. Binti yangu anaandika, mimi nasema, kwa hivyo kosa la herufi ni lake.

Nilikuwa nafanya usafi na chai kwenye ofisi moja ya kompyuta kule Edgbaston, kwenye miti mingi na watu wanaotembea kama hawana pa kwenda. Walikuwa wanatengeneza programu za maghala ya matairi. Ghala likitaka kujua limebaki na matairi mangapi, linauliza kompyuta, na kompyuta inauliza mashine kubwa zilizokuwa chumba cha chini, chumba chenye joto zuri, kinavuma kama mzinga wa nyuki.

Aliyechunga chumba hicho alikuwa mzee Kalasinga, mzaliwa wa Kisumu, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe mpaka kifuani. Siku yangu ya kwanza nasukuma kigari cha chai, akachungulia kikombe, akaniambia kwa Kiswahili, "Mama, hii ni chai ama ni maji mmeoshea vikombe?"

Karibu nimkumbatie. Jengo zima, ghorofa tatu, hakuna mtu wa kuniambia neno zaidi ya asante. Kiingereza changu mwenyewe hakijafika popote mpaka leo, lakini Kiingereza cha watu wengine nakijua chote. Nikisikia mtu mara mbili, ameshaingia kooni. Meneja mkubwa alikuwa anaongea kama amebeba kiazi cha moto mdomoni na hataki kukitema mbele ya wageni. Mama wa mishahara alikuwa Mskochi, kila neno anavyolikwaruza utadhani anasugua sufuria. Na wale wa hapa hapa Birmingham, sentensi inaanza vizuri halafu inashuka, inashuka, mwishoni mtu amechoka kabla hajamaliza. Nilikuwa nawaiga wote jikoni, na mzee anacheka mpaka chai inamwagika kwenye kisahani, halafu anainywa kutoka kwenye kisahani.

Sasa, akaja mtaalamu kutoka London. Kazi yake data. Mwembamba, viatu vyenye ncha, anaongea pole pole kama mtu anayembembeleza farasi: "Sitaki... mniambie... mnavyohisi. Nionyesheni... namba."

Akatundika tivii kubwa ukutani, pale watu wote wanapopita. Mtindo wake ulikuwa hivi: kitu kikiharibika, unapiga simu ghorofa ya pili, wanaandika tiketi. Aliyetengeneza, tiketi inakuwa yake, na jina lake linapanda kwenye tivii. Zamani programu mpya zilikuwa zinapelekwa kwa maghala mara nne kwa mwaka, na siku hiyo hata biskuti hazikuliwa kwa hofu. Yeye akataka ziende kila Alhamisi, halafu namba zitasema nani anaharibu na nani anatengeneza. Mwenye tiketi nyingi jina lake kijani, salama. Mwenye chache jina jekundu, na likibaki hivyo mpaka mwisho wa msimu, kwaheri.

Jina jekundu kuliko yote lilikuwa la mzee wangu. Tiketi mbili. Moja ya hizo ilikuwa ya kubadilisha balbu.

Nikamuuliza, "Mzee, umeona ukutani?"

"Nimeona. Rangi nzuri."

"Watakutoa!"

"Wacha watoe, dada." Lakini chai yake aliiacha nusu. Alibakisha miaka miwili apate pensheni yake, mke ameshakufa, na kwake Handsworth hakuna wa kumwambia habari za asubuhi isipokuwa redio. Na akiondoka yeye, mimi nabaki bubu na kigari changu.

Nikafikiria sana. Nikasema, huyu mtu hana tiketi kwa sababu anatengeneza vitu kabla havijaharibika! Kila siku baada ya chakula cha mchana namwona anateremka kule chini na mto wake kwapani. Maskini, mto wa kuwekea magoti, anapiga magoti mbele ya zile waya mpaka saa tisa. Nani anamwandikia hiyo?

Basi nikachukua simu ya jikoni.

Nilianza na Mskochi. "Kompyuta yangu imekufa kabisa, mleteni yule mzee!" Nikakata. Nikaosha vikombe sita, nikapiga tena: "Asanteni, ameshakuja, ni fundi huyo, Mungu awabariki." Nikaenda kutazama tivii. Tiketi tatu! Wallahi nilijisikia kama nimebonyeza kengele na mlango umefunguka.

Kesho yake nikawa watu wanne. Keshokutwa saba. Nikawa mwanamume wa idara ya masoko mwenye mafua ya kudumu. Nikawa meneja mkubwa mwenyewe na kiazi chake, nikalalamika kwamba kipanya changu kinanitazama vibaya. Ghorofa ya pili wakaandika. Hawakuuliza kipanya kinatazamaje. Wakauliza tu kiliharibika saa ngapi.

Jina la mzee likawa jekundu hafifu, likawa njano, likawa kijani. Wiki ya tatu likakaa juu kabisa, peke yake.

Mzee akasimama chini ya tivii akijikuna ndevu. "Mama, mimi nimefanya nini?"

"Umefanya kazi, mzee. Namba hazidanganyi." Nikamwiga mtaalamu vilevile, na viatu vyake. Hakucheka sana siku hiyo.

Lakini yule wa data hakuwa mjinga, masikio tu ndiyo hakuwa nayo. Akachora ramani ya jengo, na palipotoka simu nyingi za shida akaweka doa. Jikoni pakawa doa moja kubwa kama la bluu ya kufulia. Akaja kusimama mbele ya birika langu, mikono nyuma. "Kila kitu... kinaanzia... hapa." Nikaweka kikombe chini, tayari kukiri. Kumbe anamaanisha birika! Mvuke, ati, unaingia ukutani, unaenda kwenye waya, unafika kwenye kipanya cha meneja. Birika likabandikwa namba, likaingizwa kwenye data pamoja na zile mashine za chini. Kila nikitaka kuchemsha maji nipige simu ghorofa ya pili kuomba ruhusa, na Alhamisi, siku ya programu mpya, ruhusa hakuna. Wiki nne wazungu walikunywa maji ya baridi siku ya Alhamisi, na tivii ikaandika kwamba matatizo ya Alhamisi yamepungua. Yamepungua! Si nilikuwa sipigi simu siku hiyo, nimekasirika.

Halafu wakataka kujua siri ya mzee. Wakampa watu watatu wenye digrii zao wamfuate kutwa nzima na madaftari, waandike anavyofanya kazi, ili wengine wafundishwe. Akisimama, wanasimama. Akiingia chooni, wanangoja mlangoni. Akiteremka chumba cha chini na mto, wanateremka nao, wanauliza mto ni wa nini. Mzee akaanza kukonda. Macho mekundu. Nikasema moyoni, kazi nyingi hiyo, lakini angalau anayo.

Mwisho wa msimu mkutano mkubwa, mimi namimina chai, siku hiyo birika limepewa ruhusa. Mtaalamu anaonyesha michoro. Nani anabaki, nani anakwenda, na mzee anapandishwa cheo. Kisha akasema simu zote huwa zinarekodiwa, na ili watu wasikie mteja aliyeridhika anasikikaje, akabonyeza kitu.

Ikatoka sauti ya meneja mkubwa, kiazi na kila kitu: "Mzee huyu ni dhahabu, wallahi."

Nilishika birika kwa mikono miwili. Chumba kizima kikamgeukia meneja. Akakunja uso, akainamisha kichwa, akasikiliza mara ya pili. "Hm," akasema. "Nakumbuka. Nilikuwa na furaha sana siku ile." Watu wakapiga makofi.

Yamekwisha, nikasema, tumevuka. Nikamkonyeza mzee. Mtaalamu akamwomba asimame aseme maneno mawili juu ya njia yake ya kazi. Akasimama pole pole, wale watatu nyuma yake na kalamu tayari. Akawatazama wao, akatazama tivii, akanitazama mimi, na akasema kwa Kiingereza kilichonyooka, mpaka mimi nikaelewa kila neno:

"Mimi sijatengeneza kitu tangu mwaka jana, huwa nalala kule chini, simu zote alipiga huyu mama, na sasa naomba mnirudishie usingizi wangu."