Mtunza nyasi wa Bakuli la Bamia asiyejua kama kutakuwa na Desemba nyingine

Saa moja asubuhi. Ezell Purvis amepiga magoti katikati ya uwanja wa mpira wa Kimarekani wa Tallowa, Mississippi, ndoo ya mchanga ubavuni, anaziba mashimo yaliyochimbwa na viatu vya wachezaji mwezi Desemba. Anamimina mchanga, anachanganya mbegu, anashindilia kwa kiganja, anasogea.

"Unamzika nani hapo, bosi?" anauliza Dub Tolliver, Mzungu mnene anayeendesha trekta ya uwanja na ambaye hajawahi kupita karibu na mwenzake bila kumchokoza.

"Namzika atakayeniuliza tena."

Dub anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Wote wawili wanajua kwamba kabla mwezi huu haujaisha madiwani wa Tallowa watapiga kura: ama mji uendelee kuandaa Bakuli la Bamia, mechi yake ya kila mwaka, ama uachane nalo na kuuza kiwanja. Mashimo haya yanazibwa kwa ajili ya mechi ambayo huenda isiwepo.

Ezell ana miaka hamsini na minane. Miaka ishirini na saba kati ya hiyo ameitumia kwenye nyasi hizi. Wanafunzi wa sekondari huzichezea Ijumaa, lakini mechi iliyoufanya uwanja ujulikane ni moja tu kwa mwaka, pale baada ya Krismasi, vyuo viwili vinapoalikwa kumalizia msimu mbele ya kamera za televisheni. Zamani mji mzima ulifungwa siku hiyo. Watu walikaanga bamia na kambare kwenye maegesho tangu alfajiri, na asiye na tiketi alipanda juu ya paa la kanisa la jirani.

Siku hizi mambo ni mengine. Vyuo kumi na viwili bora vinakwenda kwenye mchujo wa kutafuta bingwa wa taifa, na macho yote yanakwenda huko. Mechi nyingine zote za kumalizia msimu, zinazoitwa za bakuli, zinaonekana makombo. Diwani mmoja alisema redioni kwamba wageni wa heshima wanakula kwingine, Tallowa imebaki kuosha sahani.

"Nilimsikia nikiwa garini," anasema Ezell. "Nikaegesha kwanza. Nilihofia nitagonga mtu."

Mwaka jana, hata hivyo, alikuwa na sababu yake ya kuisubiri Desemba. Mwanawe wa pekee, Jakobi, alikuwa nahodha wa timu ya Chuo cha Marengo na ndiye aliyekuwa mkimbiaji wao, yule anayepewa mpira na kupasua katikati ya watu wazito kuliko yeye. Marengo walikuwa na msimu mzuri, wakakosa mchujo kwa kupoteza mechi ya mwisho. Jumapili ya kutangaza nani anakwenda wapi, familia ilikaa sebuleni. Jina la Marengo likasomwa pamoja na la Chuo cha Sabine, na chini yake: Bakuli la Bamia, Tallowa.

"Ezell alisimama, akaketi, akasimama tena," anasimulia mkewe, Odessa, anayehudumia wazee katika nyumba ya kulelea hapa mjini. "Halafu akatoka nje. Nikamfuata nikamkuta amesimama barazani analia kama mtoto. Akaniambia, 'Dessa, mwanangu atakanyaga nyasi zangu.'"

Furaha hiyo haikuvuka siku tatu. Jumatano jioni Jakobi alipiga simu.

Timu za kulipwa zilikuwa zinamtazama. Wakala wake alikuwa amemwambia wazi: goti moja likiumia, maisha yote yameenda. Wenzake kadhaa walishajitoa. "Baba," alisema, "mimi sichezi. Hizi mechi za bakuli hazina maana tena kama zamani. Ingekuwa mchujo, ningecheza hata kwa mguu mmoja."

Ezell anakumbuka alichojibu. "Nilimwambia, sawa, mwanangu. Nikasema hivyo mara mbili. Ya pili nilikuwa najiambia mwenyewe."

Odessa alikuwa upande wa kijana. "Nilimshukuru Mungu," anasema. "Miaka yote tangu shule nimetazama mechi zake kupitia vidole. Lakini nilipomwona baba yake, nikaona haya kushukuru kwa sauti."

Kisha habari zikawa mbaya zaidi. Waliojitoa Marengo walifika kumi na wanne, na waliobaki wakaanza kuulizana wanakwenda kufanya nini. Kocha akakubali wapige kura kama timu iende Tallowa au isiende. Mtaani watu hawakuzungumza kingine. Hoteli zilianza kupokea simu za kughairi vyumba. Mwenye duka la kambare karibu na uwanja alimsimamisha Ezell akamuuliza anunue mafuta ya kukaangia au asinunue, kana kwamba yeye ndiye mwenye jibu.

Siku hizo ndipo Bi. Marcy Holcomb, mkurugenzi wa mechi hiyo na mtu aliyemwajiri Ezell, alipomfuata uwanjani. Viatu vyake havikuwa vya kutembelea kwenye umande, na alivuka hivyo hivyo.

"Bwana Ezell, nakuja kukuomba kitu, na ukikataa sitakuwa na kinyongo."

"Sema tu, mama."

"Jakobi ni nahodha. Akiwaambia 'twendeni', watakuja. Acheze hata dakika tano za mwanzo, kisha akae. Wasipokuja mwaka huu, madiwani hawatahitaji hata kupiga kura. Tumekwisha. Mimi, wewe, Dub, sote."

Ezell alimwambia atampigia mwanawe. Alimpigia kweli, akiwa ameketi kwenye pikapu yake nje ya uwanja.

"Nikamuuliza amekula nini. Akasema mayai. Nikamuuliza huko kuna baridi, akasema ipo. Halafu akasema, 'Baba, kuna kitu unataka kuniambia?' Nikamwambia hapana, vaa soksi."

Alikaa ndani ya gari muda mrefu baada ya simu ile. Anasema alijiona msaliti kwa kila upande: kwa mama aliyempa kazi, kwa Dub mwenye mke mgonjwa, kwa mji. "Lakini ningemwomba acheze, halafu goti likaenda? Kwenye nyasi zangu? Ningeishi vipi?"

Kura ikapigwa. Marengo walikubali kuja, kwa tofauti ya kura chache sana.

Jakobi, tuliyezungumza naye kwa simu kutoka anakofanyia mazoezi, anasema alisimama mbele ya wenzake kabla ya kura. "Niliwaambia mimi sichezi, na asiyetaka asicheze, ni haki yake. Ila msiseme haina maana. Namjua mtu anayeamka kila siku kwa ajili ya mechi hii. Mmoja akanizomea, 'Mbona basi huchezi, nahodha?' Nikaketi, wakapiga kura."

Timu zilipofika, mvua nayo ikafika. Ilinyesha mchana na usiku. Turubai za uwanja zinatosha kufunika katikati tu, na pembeni, upande wa kusini, maji yalituama kama bwawa la bata. Siku ya mechi ilikucha mbingu zikiwa zimefunga. Ezell na Dub walikuwa wanasukuma maji kwa mabrashi mapana ya mpira, wakijua hawatamaliza.

Kijana mmoja aliyevaa suti ya michezo ya Marengo akaja kwenye uzio.

"Mna buti za ziada?"

"Aa! Tajiri wetu wa kesho!" Dub alipaza sauti. "Ingia, tajiri, shika brashi. Ila ukivunja kucha, usiniletee wakala wako."

Jakobi alivaa buti zilizomzidi. Walisukuma maji bega kwa bega, baba na mwana. Kocha wa Marengo alipita pembeni, akamwona nahodha wake kwenye matope, akaendelea na safari yake.

"Baba, umenikasirikia?" Jakobi aliuliza mwishowe.

"Sukuma maji."

"Nauliza kweli."

"Sijakukasirikia. Naogopa tu."

"Unaogopa nini?"

"Kila kitu, mwanangu. Ukicheza naogopa, usipocheza naogopa. Sukuma."

Mechi ilianza mchana, mbele ya watazamaji elfu kumi na moja katika uwanja unaochukua mara tatu ya hao. Mahali pa Jakobi alisimama kijana wa mwaka wa kwanza, Tavares Odom, ambaye msimu mzima alikuwa amekalia benchi. Mama yake alikuwa ameendesha gari kutoka Georgia, na alijulikana mapema kwa sababu kila mwanawe alipogusa mpira alimwita kwa majina yake yote matatu.

Tavares alicheza kama mtu anayedaiwa. Alifunga mara mbili. Majukwaa, ingawa yalikuwa na mapengo, yalianza kuwa na sauti.

Kipindi cha tatu kati ya vinne akapewa mpira tena, akakata kona upande wa kusini, pale pale palipokuwa na bwawa asubuhi. Mguu ukateleza. Watu wawili wa Sabine wakamwangukia. Walipoinuka, yeye hakuinuka.

Juu jukwaani mama yake akapiga kelele: "Mwanangu! Jamani, mwanangu!"

Ezell alikuwa amesimama karibu na trekta. Anasimulia: "Nilipaona mahali alipoteleza. Nyasi zilikuwa zimefunguka kama mdomo. Nikajisemea, ni mimi. Nimemvunja mtoto wa watu."

Jakobi alikuwa wa kwanza kufika, bado na buti za matope. Alipiga magoti, akainamisha kichwa mpaka karibu na uso wa Tavares. Madaktari wakamfuata. Ilichukua muda, na kila aliyekuwepo atakuambia ulikuwa mrefu kuliko ulivyokuwa. Kisha Tavares akaketi. Alikuwa ameishiwa pumzi tu. Akasimama, akachechemea hatua chache, akarudi mchezoni kabla ya kipindi kuisha.

Ezell alikwenda nyuma ya banda la trekta akaketi chini kwenye matope.

"Wiki zile zote niliogopa goti moja," anasema. "Goti la mwanangu. Wale wengine wote niliwaona kama wachezaji. Yule mama alipopiga kelele ndipo nikaelewa. Miaka ishirini na saba wanapita hapa, na kila mmoja ana mtu jukwaani anayetazama kupitia vidole."

Sabine walishinda kwa pointi moja, kwa teke la mwisho kabisa. Wachezaji wa Marengo wanaomaliza chuo, ambao hawatavaa tena jezi yoyote maishani, walilia waziwazi. Tavares aliketi kwenye nyasi akakataa kutoka, na Jakobi akaketi naye. Kazi ya Ezell ni kufunga milango mara tu watu wanapotoka uwanjani. Siku hiyo alizunguka na funguo mkononi bila kufunga hata mlango mmoja mpaka vijana walipoinuka wenyewe.

"Wanasema haina maana," anasema. "Sijui. Mimi sikusoma mambo ya mchujo. Lakini niliwaona."

Hilo halikumaliza wasiwasi. Bi. Holcomb anasema waliotazama kwenye televisheni walikuwa wengi, waliokuja Tallowa wachache, na madiwani wanahesabu waliokuja. Mwenye duka la kambare alibakiwa na nusu ya mafuta. Jakobi anasubiri Aprili, timu za kulipwa zitakapochagua wachezaji, na mama yake hapati usingizi kwa hilo pia. Hata likija jema, anasema, litakuwa jema la kukimbizwa na majitu.

Na kuna jambo jingine. Klabu ya gofu nje ya mji imemwahidi Ezell kazi: mshahara zaidi, bima, na hakuna anayeangushwa chini. Wanataka jibu Ijumaa. Madiwani wanapiga kura Jumanne inayofuata. Lazima aamue kabla ya kujua.

Amewaomba madiwani jambo moja: kabla ya kupiga kura waje uwanjani asubuhi, watembee. Hana hotuba. Mmoja amekubali, akaomba jina lake lisitajwe.

Tulipomuuliza kuhusu gofu, alichomeka koleo mchangani na kutazama kama Dub yuko karibu.

"Nitawakatalia," alisema kwa sauti ya chini. "Nataka kuwepo hapa Desemba ikiwepo. Nimemwambia yule mtoto Tavares upande wa kusini nitauinua, maji yasisimame tena. Nilimwahidi mbele ya mama yake. Ila usiandike kwanza. Sijamwambia Odessa."

Tukaahidi kungoja. Jumapili jioni, kabla ya Ijumaa hiyo, simu ikaita.

"Andika sasa," alisema Ezell.

"Odessa amesemaje?"

Kabla hajajibu, sauti ya Odessa ikasikika kutoka jikoni, juu ya mlio wa kikaango: "Mwambie wale wa gofu walipiga nyumbani jana, nikapokea mimi. Niliwaambia watafute mtu mwingine."