Tochi ya Koplo Disko

Jina hilo hakupewa na mama yake. Alilipata jioni moja, kiza kikiwa ndiyo kwanza kinaingia, kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba za kupanga, huku watu wamejaa madirishani.

Mwizi alikuwa ameanua godoro la mtu lililoanikwa ukutani, kajitwika kichwani, anaondoka nalo bila haraka kama mtu anayehama. Koplo, mwanamke wa makamo mwenye mbio zake na sauti ya kusimamisha lori, akakutana naye uso kwa uso. Akammulika. Mwanga ukawa hafifu. Akabonyeza tena ili uongezeke, na hapo ndipo tochi ya kituo ilipomuumbua: ikaanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, kama taa za ukumbi wa muziki. Akabonyeza mara nyingine, ikazidisha kasi. Mwizi naye, kiumbe asiye na haya, akacheza hatua mbili na godoro lake kichwani. Madirishani wakapiga makofi. Koplo alipomaliza kugombana na kitufe, godoro lilishapinda kona, na mwenye godoro alikuwa amekaa chini anashika mbavu kwa kucheka.

Kesho yake asubuhi watoto wa shule walimpigia saluti njia nzima.

"Shikamoo, Koplo Disko!"

Habari zilimfikia mkuu wa kituo kabla hajamaliza chai. Huyu mkuu ni mtu wa viatu vinavyong'aa na uso usiong'aa. Kicheko chake hakuna aliyewahi kukiona, na wapo wanaoapa kwamba alikiacha kwenye mafunzo.

"Koplo," alisema, "tumekuwa kichekesho cha mtaa. Tochi zote za doria zinabadilishwa. Utachagua wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyechekwa. Ijumaa nitaijaribu mwenyewe, kule stoo. Ikinichekesha na mimi, wewe na doria basi. Utakaa kaunta."

Kaunta! Koplo alishawahi kukalishwa kaunta alipoteguka kifundo. Kutwa nzima ni vitambulisho vilivyopotea, ugomvi wa kuku aliyekula mboga za jirani, na mabwana wanaokuja kushtaki wake zao kisha wake zao wanakuja kuwachukua. Mtu aliyezoea kupimana mbio na wezi, umfunge kwenye stuli aandike rangi ya kuku! Afadhali angepewa kufagia uwanja.

Basi akaenda kwa muuza vifaa vya umeme, pamoja na mwenzake wa doria, konstebo mrefu ambaye kituo kizima humwita Mnara. Muuzaji alikuwa na ulimi uliopakwa mafuta. Alizipanga tochi juu ya meza kama mama anayepanga mabinti mbele ya posa.

"Hii, afande, inamulika mpaka mlima ule."

"Mimi sikamati milima."

"Hii basi ina mianga mitano. Mkali, wa wastani, mdogo, wa dharura, na huu wa kuwaka na kuzima."

"Huo wa mwisho," alisema Koplo, "ukiutaja tena nakuweka ndani."

Mnara yeye alishapata mchumba. Alikuwa amekumbatia litochi la mpini, kubwa kama birika la msibani. "Afande, ona! Ukimpiga mtu na mwanga huu anakiri na makosa ya babu yake."

Koplo alifumba macho, akawa anashika moja moja kwa mkono wa kushoto, ameunyoosha mbali na mwili. Ndivyo doria inavyoshika tochi, kwa sababu mwenye nia mbaya hulenga penye mwanga, na wewe hutaki kuwa penye mwanga. Mkono wa kulia unabaki mtupu kwa ajili ya pingu. Kwa hiyo kidole gumba lazima kikione kitufe bila msaada wa macho. Nyingine alikitafuta kitufe mpaka muuzaji akakohoa. Nyingine ilikuwa laini kama samaki, ikamponyoka, ikabiringika hadi chini ya kabati, na muuzaji akalazimika kulala kifudifudi kuitafuta kwa tochi nyingine.

Mwishowe akashika moja nyeusi, fupi, yenye vijimatuta vya kushikia na kichwa chenye pembe kisichobiringika. Kitufe kimoja tu, kitakoni. Bonyeza, inawaka. Bonyeza, inazima.

"Na betri?"

"Hizi hizi za redio. Kila duka zipo."

"Hapo umesema," alisema Koplo. Kumbe hapo ndipo pa kuogopa, lakini hakujua.

Muuzaji aliwakubalia kuondoka na tochi mbili za majaribio. Mnara akabeba birika lake akiwa amevimba kichwa. Koplo akaipeleka yake nyumbani, akafunga mapazia mchana kweupe, akamwita mumewe, fundi cherehani, aache suruali ya mteja aje awe mwizi.

"Mwizi wa nini?" aliuliza mume.

"Wa chochote. Jifiche."

"Usimuangushie cherehani," alisema mama mkwe kutoka kwenye kochi lake, redio mapajani. Kikongwe huyo na redio yake hawatengani. Siku zile ilikuwa inakoroma kama mgonjwa wa kifua, naye anaipigapiga mgongoni. "Mwanangu wewe, umeoa polisi, sasa unakamatwa bure!"

Mume alikamatwa nyuma ya pazia, chini ya kitanda, na mara ya tatu alijitoa mwenyewe kwa sababu mteja alikuwa anagonga mlango. Tochi ikazamishwa kwenye ndoo, ikatoka inawaka. Ikaangushwa sakafuni, ikawaka. Mume akaiazima kutafuta sindano, akaipata mara moja, na akaanza kuomba na yeye anunuliwe ya kwake. Koplo alilala na roho nyeupe, tochi ikiwa juu ya kabati, tayari kwa Ijumaa.

Ijumaa ikafika. Stoo ya kituo haina dirisha; ndimo vinamowekwa vitu vilivyokamatwa vikisubiri kesi: baiskeli, masufuria, marundo ya mabeseni, na safari hii vioo vya makabati vilivyoibwa kwa fundi seremala, vimeegemezwa kuta zote. Mkuu aliingia humo, akajificha, akaamuru mlango ufungwe na waingie kwa zamu.

Mnara alitangulia. Koplo, akichungulia kwenye ufa wa mlango, alisikia kitufe, halafu akaona stoo nzima imegeuka mchana. Mwanga ulipiga kioo cha kwanza, ukarukia cha pili, ukarudi wote machoni mwa mwenyewe.

"Mama yangu!" alilia Mnara, na baada ya hapo zilisikika baiskeli.

"Konstebo," ilisema sauti ya mkuu gizani, "umekamata nini?"

"Beseni, afande."

Zamu ya Koplo. Mlango ukafungwa nyuma yake. Mkono wa kushoto, mbali na mwili, kidole gumba kitakoni. Akabonyeza.

Kikatoka kijimwanga cha manjano, rangi ya chai ya mgeni asiyetakiwa.

Akabonyeza kuzima, akawasha tena. Chai ile ile. Ndipo alipokumbuka: jana usiku redio haikukoroma. Mtangazaji alikuwa anaongea kama aliyemeza asali, na mama mkwe alikuwa ametulia mno, utulivu wa mtoto aliyevunja kikombe.

"Loh, bibi huyu!" alisema kimoyomoyo. Aliiona kaunta. Aliiona stuli. Alimwona hata yule kuku.

Lakini miguu ilishazoea kazi. Aliuelekeza ule mwanga chini sakafuni, mbali na vioo, akaenda taratibu, anasikiliza. Baiskeli. Masufuria. Nyuma ya rundo la mabeseni, kitu kikameta kidogo, cheusi, chenye ncha. Akasogea. Kikameta tena. Mtu gani mwingine katika mji ule alikuwa na kiatu unachoweza kujitazamia ukichana nywele?

"Toka, mikono juu, afande."

Mkuu akainuka, anajipangusa vumbi. "Safi sana. Huu ni mwanga wa kistaarabu. Hauumizi macho. Nimeupenda. Kumbe wanatengeneza tochi zenye mwanga wa namna hii?"

Hapo Koplo angenyamaza tu. Angesema "ndiyo, afande," doria ikabaki yake. Akawaza kesho tochi zikija na betri nzima, mkuu anauliza ustaarabu umekwenda wapi. Akawaza pia kichochoro, na mwenzake amesimama humo na chai ya manjano mkononi. Akapiga moyo konde.

"Hapana, afande. Hii huwaka kama radi. Humu mna betri za redio ya mama mkwe wangu."

Mkuu akaacha kujipangusa.

"Rudia."

"Amezibadilisha, afande. Za tochi ziko kwenye redio. Za redio, zilizokufa, ndizo hizi."

Kukasikika mlio, kama mlango wa zamani unaosukumwa kwa nguvu. Mnara, akidhani kuna hatari, akaingia na kuwasha birika lake. Na wote wawili wakakiona kile kicheko: mkuu wa kituo, mdomo wazi, meno yote nje, machozi yanamtoka, ameshikilia baiskeli asianguke.

"Zima hiyo!" alifoka mkuu. Giza liliporudi alipumua, akasafisha koo. "Hakuna aliyecheka hapa. Ni vumbi."

"Vumbi tupu, afande," alisema Koplo haraka.

"Stoo hii ina vumbi jingi," aliongeza Mnara.

Betri mpya zilitoka kwenye droo ya mkuu. Koplo alipobonyeza safari hii, kona ya mwisho ya stoo ilionekana mpaka na buibui wake. Kabla ya mchana tangazo lilikuwa ukutani: tochi nyeusi ndiyo ya doria, itajaribiwa kabla ya kutoka, na ni marufuku kuilaza katika nyumba yenye redio.

Nyumbani, Koplo alisimama mbele ya kochi, mikono kiunoni.

"Mama. Betri."

"Na jua lote hili ulikuwa unamulika nini?" alisema mama mkwe bila kupepesa. "Nilijua tochi ni ya usiku. Na mchezo wa redio ulikuwa unafika mwisho, yule mume aliyepotea anarudi. Arudi mimi nisisikie?"

Koplo alikuwa amepanga maneno makali tangu kituoni. Akaishusha mikono.

"Alirudi?"

"Alirudi. Na mke mwingine."

"Mungu wangu!"

"Kaa nikusimulie."

Jioni hiyo doria ilipita kichochoro cha godoro. Watoto walikuwa wamejipanga ukutani wanasubiri.

"Koplo Disko! Tuchezeshee!"

Koplo alinyoosha mkono wa kushoto, akabonyeza. Mwanga mweupe ukanyooka kichochoro chote, ukatulia. Watoto wakangoja. Wakangoja tena.

"Haichezi!" alilalamika mmoja.

"Haichezi," alisema Koplo, na akaendelea na doria yake.