Kidonge cha Kumrudisha Mama

Mimi ni mtu wa haraka, nikitaka kitu nakitaka leo. Daktari aliposema kumbukumbu za mama yangu hazitarudi, kazi yetu ni kumtunza tu, nilimshukuru kwa adabu, nikatoka, nikaanza kutafuta mwenye jibu lingine. Nilikuwa nimeacha kazi Dodoma na kurudi Ujiji kumuuguza. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia vizuri kabisa, kisha akaniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Sikutaka makubwa. Nilitaka aniite jina langu mara moja, hata kama ni kunituma chumvi tu.

Jibu lingine lilikuja kwenye kichupa cheupe. Vidonge vile nilivijua tangu chuoni, dawa iliyotengenezwa maabara na kuuzwa mtandaoni kama kirutubisho cha ubongo. Wakati wa mitihani tulivibugia kama karanga. Sijui kama vilituongezea akili. Najua viliondoa usingizi, na mwenzetu mmoja moyo ulimwenda mbio mpaka akabebwa. Hayo niliyakumbuka vizuri, nikayaweka pembeni, nikaagiza.

Mama hakutaka kumeza. Alikitema kidonge pale pale na kuniangalia kwa dharau. Kwetu dawa chungu huteremshwa kwa mawese, kwa hiyo nikawa nafungua kidonge, nakoroga unga wake kwenye mawese ya uvuguvugu, namwaga juu ya mgebuka wa ziwani, nampa na ugali wa muhogo. Nilichosahau ni kwamba mama yangu hajawahi kula peke yake tangu azaliwe. Tulikula sahani moja, na kila alipomega samaki, kipande cha tumboni, chenye mafuta, alikisogeza upande wangu. "Kula, mgeni, usione haya." Nikikataa ananuna, anaacha kula. Basi nusu ya dawa nikawa naila mimi. Mikono ilinitetemeka, nikagombana na muuza mawese bila sababu ya maana. Yeye alipata kiasi gani siwezi kusema. Dawa ya maabara nilikuwa naipima kwa matonge, na bado nilijiona mjanja.

Wiki ya tatu akachangamka. Akawa anaongea Kiha haraka haraka, anapanga na kupangua vyombo, anamkemea jirani kwa kufagia vibaya. Nikajisemea, haya sasa, inafanya kazi. Kwamba macho yake yalikuwa mekundu na hatulii hata akiwa amekaa, nilijifanya sioni.

Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa namwosha miguu uani. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniita jina langu, na baada yake lile la utani alilonipa mwenyewe, ambalo hakuna mwingine anayelijua. Nikaitika, "Abee, mama."

"Mbona hukuja kumzika baba yako?"

Baba alifariki alfajiri, akazikwa alasiri ya siku hiyo hiyo. Watu wote walinisamehe kwa sababu ya umbali, kwamba Dodoma si karibu na treni ni treni. Lakini simu ya kuniambia anaumwa sana, nije, niliipata siku nne kabla. Nilikuwa na vikao. Nilisema nitakuja mwisho wa wiki. Mama alijua, na kwa miaka yote ile hakunigusia.

"Nilichelewa, mama," nikasema.

"Alikuwa anakuulizia. Nikawa namdanganya kwamba uko njiani."

Nililia nikiwa nimeshika mguu wake wenye povu. Nilipoinua uso, alikuwa anatweta, mkono kifuani. Nikamkimbiza zahanati. Presha ilikuwa juu mno. Daktari akauliza kama kuna dawa nyingine anayotumia zaidi ya zile zake za presha, nikasema hakuna, kwa kuwa kichwani mwangu kile kichupa hakikuwa dawa. Akauliza tena. Hapo nikamweleza yote, mpaka habari ya mawese.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema kila kinachoingia mdomoni mwa mama anapaswa kukijua. Alisema hajui mtu aliyewahi kukipima kidonge kile kwa mzee mwenye presha anayekunywa dawa kama zake. Na huenda hakikusaidia lolote, maana wagonjwa wa namna hii huwa na siku zao za kuzinduka. "Kiache leo," akasema. Nilikitupa chooni jioni hiyo. Siku mbili baadaye, aliponiuliza tena mimi ni mtoto wa nani, nilijuta kukitupa, na sioni aibu kulisema.

Presha imeshuka. Mama analala vizuri, anakaa barazani, ananiuliza kama nimetoka Ilagala na barabara ilikuwaje. Ni mpole kwangu kama alivyo kwa kila mpita njia. Mimi namtaka yule wa Ijumaa, aliyenijua na kunikasirikia. Kila siku nikimkalisha uani namwomba radhi, nikitumaini atanikaripia japo mara moja. Naye hunishika mkono, akanitazama kwa huruma.

"Nimekusamehe, mwanangu," huniambia. "Lakini ulinikosea nini?"