Sukari ya Pili

Mektrida wa Kilema hakuwa mtu wa kugombana. Tangu afiwe na mumewe alilea watoto kwa ng'ombe wawili, kahawa kidogo na mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na hapakuwa na sherehe jirani iliyofanyika bila pombe yake. Ndiyo maana watu walishangaa kumsikia akipaza sauti nyumbani kwa shemeji yake. Lakini wao hawakuwa wamesingiziwa.

Binti yake Theodora alikuwa anaolewa, na Mektrida aliamua kuwa kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, wageni wa mjini watawekewa mbege ya chupa, yenye gesi na povu, si ya ndoo peke yake. Ufundi huo aliupata alipokuwa mpishi kwenye nyumba ya masista. Aliacha pombe ichachuke mpaka ikatulia kabisa, akaichuja kwa kitambaa mpaka machicha yote ya ulezi yakabaki juu. Kisha akachemsha sukari kidogo kwa maji, akaipoza, akaimimina kwenye pombe na kukoroga taratibu. Sukari hiyo haikuwa ya utamu. Ilikuwa chakula cha mwisho cha hamira: ikishafungiwa chupani, hamira inaila na kutoa gesi, na gesi kwa kukosa pa kutokea inabaki ndani ya pombe mpaka kizibo kifunguliwe. Sukari ikizidi, chupa haivumilii.

Kabla hajaanza kujaza chupa, ng'ombe wake akashikwa na uchungu, na ndama alikuwa ametanguliza miguu ya nyuma. Mektrida akamwachia kazi Priska, dada wa marehemu mumewe.

"Wifi, kila kitu kimeshawekwa. Wewe jaza tu na kufunga vizibo," alimwambia, akakimbilia bandani.

Siku chache baadaye Sirili, kaka mkubwa wa marehemu, aliingia stoo ya Mektrida, chupa zilimowekwa, kutafuta jembe. Chupa moja ikapasuka, na nyingine zikafuata. Kipande cha kioo kikamchana mkono kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja. Mektrida ndiye aliyemfunga kwa khanga yake na kumsindikiza hospitali akashonwe. Aliporudi alifunika kreti kwa magunia yaliyolowa, akavaa koti zito la mumewe, akafungua chupa zilizobaki moja moja, povu likiruka hadi darini. Jasho lake lote likamwagika sakafuni. Alilia, lakini hakumlaumu mtu. Alijiuliza kama ni yeye aliyekosea kipimo.

Wiki hiyohiyo, kwenye sala ya jumuiya, Priska alisimama mbele ya majirani akasema mambo ya kuiga watu wa mjini nusura yaue mtu, na kwamba pombe ya Mektrida si ya kuaminiwa. Mektrida aliendelea kuhesabu rozari yake. Kisha Sirili akaita kikao cha ukoo nyumbani kwake.

"Mektrida, tumeona uache kabisa kupika pombe," alisema, mkono ukining'inia kwenye kitambaa. "Na kwenye sendofu utaomba radhi mbele ya wageni."

"Mbele ya wakwe wa mwanangu, shemeji?"

"Ndiyo. Ili ijulikane."

Priska akadakia. "Na mimi nilijitahidi kumwokoa. Ile pombe ilikuwa chungu, nikaongeza sukari, karibu pakiti nzima. Bado ikaharibika."

Mektrida akamgeukia taratibu. "Umeongeza nini, wifi?"

"Sukari. Si nimesema ilikuwa chungu?"

Mektrida akaeleza, bila haraka, kazi ya sukari ile na kinachotokea ikizidi. Watu wakatazamana. Sirili akakohoa.

"Basi, kumbe ni bahati mbaya," akasema. "Hakukusudia. Tufunge kwa sala."

Hapo ndipo damu ilipomchemka Mektrida. Ilipodhaniwa ni yeye, ilikuwa kesi, na adhabu ilishapangwa. Ilipojulikana ni dada yao wa tumbo moja, ikawa bahati mbaya, na Mungu akaitwa haraka aje kufunga kikao.

"Hatufungi," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka barabarani. "Miaka yote hii nimewapikia harusi zenu na misiba yenu. Hamkuniuliza hata swali moja. Mlikuja hapa na hukumu mfukoni."

"Wifi, nisamehe," Priska akasema kwa unyonge.

"Nimekusamehe. Lakini hukunisema hapa. Ulinisema jumuiya, na huko ndiko utakakolisema hili."

Priska alikwenda. Alilisema akiwa ameinamisha kichwa, kwa sauti ya chini kiasi kwamba Dominika, mwenyekiti wa jumuiya, alimwomba arudie kwa sababu wazee waliokaa nyuma hawakusikia. Akarudia. Mektrida alitegemea kufurahi, akakuta hasira bado imemkaa kifuani.

Sendofu ilifanyika kwa mbege ya ndoo. Sirili alitoa hotuba ndefu ya kumsifu mama wa bibi harusi, watu wakapiga vigelegele, Mektrida akampa mkono kwa adabu. Ile amri ya kuacha kupika hakuna aliyesimama kuifuta, naye hakumwomba mtu aifute. Jumatatu iliyofuata alikata mkungu wa ndizi kihambani, shambani mwake, akauvundika kwa mbege mpya, na chumba cha pombe akakitia kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga yake.