Nani Aliyefumba Kiganja?

Mvua za Novemba zikianza kuteremka Kagoma, mbingu huleta senene, wale panzi wa kuliwa, na senene hawamuulizi mtu kama ni mume au mke. Hutua tu. Hutua kwenye rweya, ule uwanda wa majani ulio nje ya vibanja vya migomba, hutua juu ya mapaa, na mwaka mmoja walitua hata juu ya kitabu cha mwinjilisti alipokuwa akisoma habari za nzige wa Misri. Lakini wakati ule wa Mwingereza, wakishatua, mambo yao yalikuwa na utaratibu. Wanawake waliwakamata, wanawake waliwanyonyoa mbawa na miguu, wanawake waliwakaanga, na wanaume waliwala.

Kwa nini mwanamke asile? Ukiuliza uliambiwa ndivyo ilivyo. Ukiuliza tena uliambiwa utazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene.

Kokwijuka, mke wa Rwegasira, alikuwa amekwisha kuzaa, Georgina na wadogo zake, kwa hiyo habari ya kichwa kilichochongoka haikumtisha sana. Hata hivyo hakuwahi kuonja. Alikuwa mwanamke wa kanisani, mpole wa uso, na upole wake wote ulikuwa hapo usoni. Ulimi ulikuwa na mambo yake. Ndiye aliyeongoza nyimbo katika kila harusi ya ukoo ule. Bibi harusi ambaye hakuagwa na sauti ya Kokwijuka alihesabiwa kana kwamba alitoroka nyumbani.

Senene aliwapika kama alivyofundishwa na mama yake, ambaye naye hakuwahi kuwaonja: moto wa wastani, kitunguu kidogo, na chumvi ya vidole vitatu. Mama yake alikuwa akisisitiza sana vidole vitatu. Kisha aliwafunga katika jani la mgomba lililobabuliwa, akapiga magoti, akampa mumewe. Rwegasira alikula polepole, akiangalia mbali kama mtu anayewaza mambo makubwa, kisha akaagiza maji.

"Wametokaje?" Kokwijuka aliuliza kila mara.

"Ni senene," Rwegasira alijibu kila mara.

Wimbo ulizaliwa asubuhi moja ya namna hiyo. Kokwijuka alikuwa ametoka rweya na wenzake tangu alfajiri, khanga imelowa hadi kiunoni, miguu imechanwa na majani. Walikaa uani wakinyonyoa mbawa, na ndani Rwegasira, aliyekuwa amelala vizuri, akauliza kwa sauti ya njaa, "Mama Georgina, bado tu?"

Kokwijuka akanyonyoa bawa jingine. Aliimba. Aliimba kwa Kihaya, na kwa Kiswahili maneno yake yangekuwa hivi:

*Umande wa rweya ni wangu,*
*miiba ya rweya ni yangu,*
*bwana wangu nimpendaye,*
*shibe ya rweya ni yako.*
*Mbingu ilimwaga kwa mkono wazi,*
*nani aliyefumba kiganja?*

Wenzake walicheka mpaka senene wakaruka kutoka kwenye vikapu. Halafu wakaupokea, wakaurudia, na kabla jua halijapanda kila mmoja alikuwa ameubeba kwenda nao nyumbani kwake.

Ajabu ni kwamba aliyeupenda kuliko wote alikuwa Rwegasira. Alisikia "bwana wangu nimpendaye" na hapo masikio yake yakaridhika, hayakuendelea mbele. Akawa anaupiga kwa mluzi akipogoa migomba. Wageni walipofika, baada ya kuwapa akamwani, zile punje za kahawa za kutafuna, alimwita mkewe. "Mama Georgina, hebu waimbie ule wa kwangu." Kokwijuka aliuimba macho chini. Wageni wa kiume walitikisa kichwa kwa wivu, wakasema heri mtu aliyepata mke wa kumsifu hivyo. Wageni wa kike walikohoa.

Huenda wimbo ungezeekea hapo Kagoma, kama isingekuwa Mwamvita. Huyu alikuwa mwanamke wa Kiislamu wa Hamugembe, mjini Bukoba, aliyezunguka magulioni akiuza khanga. Kila alipofika Kagoma alifikia kwa Kokwijuka, na urafiki wao ulijengwa juu ya kutaniana.

"Wewe shoga," alisema Mwamvita siku aliyousikia, "wimbo kama huu unauficha kwenye migomba? Nipe niutembeze."

"Utauharibu. Nyinyi wa mjini mnaimba na viuno."

"Basi nipe maneno, viuno nitatafuta mwenyewe."

Akaenda nao. Kule Hamugembe kilikuwepo chama chao cha ngoma, wanawake waliovaa khanga sare, na wimbo ukavalishwa Kiswahili ukachezwa kwenye sherehe zao. Ulipokuwa ukipita mdomo hata mdomo ukaongezeka. Mmoja aliyekuwa na binti aliyebakizwa nyumbani akaongeza: *kaka kapewa kalamu, mimi nimepewa ungo.* Mwingine, mjane aliyeondolewa kibanjani na shemeji zake, akaongeza: *migomba inanijua jina, mipaka hainijui.* Beti zilikuja na kupotea, lakini kila ubeti uliishia mahali pamoja, kwenye lile swali la kiganja. Wanaume wa mjini walicheza nao vizuri sana wiki za mwanzo. Baadaye wakaanza kucheza taratibu, kama watu waliokumbuka kwamba kuna kitu wamesahau nyumbani.

Hapo ndipo Rutashobya alipousikia. Rutashobya alikuwa kaka mkubwa wa Rwegasira, mkuu wa ukoo, mtu mwenye fimbo na koti. Alikuwa amekwenda Bukoba kwenye mkutano wa wakulima wa kahawa, na wimbo ulipochezwa pale, mzee mmoja wa Kaagya akamwuliza mbele ya watu, "Hawa senene si wa kwenu Kagoma? Tunasikia mnawala mmejifungia mlango." Rutashobya alirudi na lori la kahawa, akashuka na vumbi lake bila kulikung'uta, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake.

Rwegasira alimkaribisha kwa furaha. "Umefika wakati mzuri, kaka. Ngoja Mama Georgina akuimbie."

"Unajua mkeo anaimba nini?"

"Ananisifu, waitu," alisema Rwegasira, kwa lile neno la Kihaya la heshima.

Rutashobya alimtazama mdogo wake kwa huruma ambayo watu huwapa ndama. "Keti chini," alisema. Akamfafanulia mstari kwa mstari, akigonga fimbo sakafuni. "Umande ni wa nani? Wake. Miiba ni ya nani? Yake. Shibe ni ya nani?"

"Yangu," alisema Rwegasira, bado anatabasamu. Halafu tabasamu likaanza kushuka pole pole, upande mmoja kwanza.

Kokwijuka aliitwa. Alipiga magoti mlangoni akasikiliza hukumu. Harusi ya Benadetha, binti wa Rutashobya, ilikuwa imekaribia. Benadetha alikuwa amekulia zaidi jikoni kwa Kokwijuka kuliko kwao. Mama mdogo huyu ndiye aliyemfundisha kusuka, kupika, na kuimba sauti ya pili. Rutashobya akasema: Kokwijuka akitaka kumuaga Benadetha kwa wimbo, aape kwamba hatatamka hata neno moja la ule upuuzi wa senene. Akiapa akavunja, hataongoza wimbo tena katika ukoo huu mpaka azikwe. Na asipoapa, atafutwe mwimbaji mwingine leo hii.

Mwimbaji mwingine. Kokwijuka alihesabu vilivyo vyake. Nyumba haikuwa yake, kibanja hakikuwa chake, hata watoto walikuwa wa ukoo. Sauti peke yake ndiyo aliyokuja nayo kutoka kwao, na hakuna aliyewahi kumwuliza ni ya nani.

"Ninaapa, waitu," alisema. "Halitatoka neno mdomoni mwangu."

Rutashobya alipoondoka, Rwegasira alikaa akichora majivu kwa kijiti.

"Kwa hiyo ni mimi niliyefumba kiganja?"

"Wimbo haukutaja jina."

"Haukutaja. Lakini ulikuwa unanitazama."

"Na wewe ulikuwa unaupiga mluzi, Baba Georgina."

Hilo lilimuuma zaidi. Kwa siku kadhaa alipogoa migomba bila mluzi, na jirani akauliza kama kuna msiba.

Siku ya harusi bwana harusi Buberwa, fundi cherehani wa Hamugembe, alikuja na msafara wake, na ndani ya msafara, kwa kuwa ni jirani yake ukuta kwa ukuta, alikuwemo Mwamvita na khanga mpya. Baada ya kanisa watu walijaa uani kwa Rutashobya. Kokwijuka aliongoza nyimbo za kupokea wakwe, nyimbo za kusifu ukoo, hata ule wa kumkumbusha bwana harusi kwamba binti hajaokotwa njiani. Rutashobya aliketi mbele, fimbo magotini, akisikiliza kila neno kama mpima kahawa anayetafuta mawe ndani ya gunia.

Ikafika saa ya kuaga. Benadetha, kichwa kimefunikwa, alipaswa kulia, na alikuwa analia vizuri tu. Kisha mkono wake ukatoka chini ya shuka ukashika wa Kokwijuka.

"Mama mdogo. Ule."

"Nimeapa, mwanangu."

"Mimi naondoka, nawe unaniaga na nyimbo za kusifu babu? Hao babu siwajui."

Kokwijuka alimtazama. Kesho mtoto huyu ataamka kwenye kibanja cha watu, ambacho hata kama angekilima mpaka uzee, kingebaki cha watu. Kuna maneno ya kumpa mtu anayekwenda huko, na yeye alikuwa ameyafungia kinywani kwa kiapo chake mwenyewe. Akafumba midomo. Kisha, midomo ikiwa imefumbwa hivyo hivyo, akaanza kuguna sauti ya wimbo. Sauti tupu, bila neno, ikipanda na kushuka palepale inapopanda na kushuka.

Rutashobya alinyanyua fimbo, akasubiri neno. Neno halikuja.

Lilikuja kutoka nyuma. Mwamvita, ambaye hakuna mtu aliyemwapisha, aliweka *umande wa rweya* pale umande ulipostahili kukaa. Wanawake wa Kagoma wakaweka miiba. Wa mjini wakaleta kalamu na ungo, wakaleta migomba na mipaka, na mjane mmoja wa ukoo, ambaye hakuwahi kufumbua mdomo mbele ya shemeji zake, aliusikia ubeti ule kwa mara ya kwanza akataka urudiwe. Ukarudiwa. Vijana wa msafara wa Buberwa, waliouzoea kwenye ngoma za mjini, wakaanza kupiga makofi bila kufikiri, na mguu wa Rutashobya mwenyewe, mguu usio na adabu, ukagonga chini mara mbili kabla hajaukamata.

Wakafika kwenye mstari wa mwisho. *Nani aliyefumba kiganja?* Kokwijuka akanyamaza kuguna. Wanawake wakanyamaza. Ua mzima ukageuza macho kwa wanaume, na wanaume wakaona mambo mengi ya kuvutia kwenye majani ya migomba.

Halafu karibu na mtungi wa rubisi, ile pombe ya ndizi, mtu akakohoa. Alikuwa Rwegasira. Alisimama, kofia mkononi, kama mtu anayeitikia jina lake kwenye baraza.

"Ni mimi," alisema. "Lakini sikuwa peke yangu."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwatoa kuku juu ya paa. Rutashobya alisimama akamwelekezea shemeji yake fimbo. "Uliapa!"

"Nimetamka neno gani, waitu?" Kokwijuka aliuliza, tayari yuko magotini.

Mkuu wa ukoo akatazama kulia na kushoto. Wakwe walikuwa wametamka. Mkewe alikuwa ametamka. Binti yake, chini ya shuka, alikuwa ameimba sauti ya pili. Ilibidi ama awahukumu wote, harusi ivunjike, ama aketi. Aliketi. Akaagiza rubisi. Na Kokwijuka akamwimbia Benadetha mpaka njia panda, nyimbo zote alizozitaka, isipokuwa ule mmoja, ambao hakuwa na haja ya kuuimba tena.

Senene walichelewa mwaka ule, wakaja wengi. Kokwijuka alitoka alfajiri, akarudi amelowa, akanyonyoa, akakaanga, akatia chumvi ya vidole vitatu, akafunga katika jani. Akapiga magoti kama siku zote. Rwegasira alilifungua jani, akalitazama, kisha akalisukuma kuelekea kwake.

"Onja."

"Baba Georgina, kaka yako akisikia..."

"Kaka hayuko hapa. Onja kabla sijabadili mawazo, maana mimi najijua."

Aliokota mmoja kwa ncha za vidole. Akamweka mdomoni, akafumba macho, akatafuna.

Akafumbua macho.

"Chumvi!"

"Hm," alisema Rwegasira.

"Baba Georgina, hii ni chumvi tupu! Tangu lini?"

"Tangu nikuoe."

"Miaka yote hiyo unakula hivi? Kwa nini hukusema?"

Rwegasira alikuna shingo. "Ningesema nini? Ningesema chumvi imezidi, ungejibu, 'Nitajuaje, na sionji?' Sasa hapo ningekujibu nini?"

Kokwijuka alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni. Kisha kicheko kikapungua chenyewe. Alimkumbuka mama yake na vidole vyake vitatu, na bibi yake aliyemfundisha mama, wanawake waliopika kwa kukisia maisha yao yote wakiuliza wametokaje, na wanaume waliomeza chumvi na kuagiza maji kuliko kufungua mlango kwa neno moja. Vidole vya mama yake vilikuwa vyembamba. Vya kwake vilikuwa vinene, vya jembe. Hakuna aliyewahi kumwambia tofauti hiyo.

"Niletee maji," alisema.

Rwegasira akainuka akaenda kuyaleta mwenyewe, akipiga mluzi ule wimbo, safari hii akijua ni wa nani. Kokwijuka alilivuta jani karibu. Senene walikuwa na chumvi kali mno. Akachukua mwingine.